MAJINA YA NGUO ZETU YANATOKA WAPI?

Nguo ni hitaji la kila binadamu, kama vile chakula na nyumba. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani au shambani, tunavaa vitu vyenye majina: kaki, jinzi, jezi, kitenge, kanga. Majina hayo tunayatamka kila siku, lakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza yametoka wapi.

Katika ukurasa huu tumeamua kuyafuata majina hayo mpaka kwenye asili yake, kwa sababu historia ya nguo ni historia ya kazi. Msomaji ataona jambo moja likirudi tena na tena. Jina la nguo hutaja mji ilikotoka, au mfanyabiashara aliyeiuza, au kitu inachofanana nacho. Ni nadra sana jina hilo kumtaja mtu aliyesokota uzi, aliyefuma au aliyechapa rangi.

KABLA YA NGUO ZA DUKANI

Hapa Rwanda wazee wetu walivaa ngozi na impuzu. Impuzu ni nguo ya gome la mti, hasa umuvumu. Gome lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likawa laini na pana. Aliyevaa impuzu alijua mti ulikotoka, na mara nyingi alimjua na fundi aliyeiponda.

Mji wa Kigali ulianza mwaka 1907, pale Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, alipojenga makao yake hapa. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili walifuata, na majora ya nguo za pamba yakaja pamoja nao. Pamoja na nguo hizo yalikuja majina yake, ambayo yalikuwa yamekwisha kukomaa pwani kwa muda wa miaka mingi. Kwa hiyo, ili kuyaelewa majina ya nguo za Kigali, hatuna budi kuanzia Unguja.

MERIKANI: NGUO ILIYOLIPA MISHAHARA

Merikani ni nguo nyeupe ya pamba, nzito, isiyo na maua wala rangi. Jina lake ni neno "Marekani" lenyewe. Katika miaka ya 1820 na 1830 merikebu za Wamarekani, hasa kutoka bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts, zilianza kufika Unguja. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja. Merikebu zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi.

Merikani haikuwa nguo ya kuvaa tu. Katika njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilitumika kama fedha. Wapagazi walilipwa kwa merikani, wakanunua posho yao kwa merikani, na wakuu wa msafara wakatoa hongo kwa machifu kwa merikani hiyo hiyo. Vipimo vyake vilijulikana kila mahali: shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi 2, na doti ilikuwa mikono minane, yaani yadi 4. Mpaka leo mtu wa pwani akinunua kanga mbili zilizo pamoja husema amenunua doti. Neno lililopima mshahara wa mpagazi bado linaishi dukani.

Je, nani aliifanya merikani? Pamba yake ililimwa kusini mwa Marekani na Waafrika waliokuwa watumwa huko, wasiolipwa hata senti moja. Halafu ilisokotwa na kufumwa kaskazini, katika viwanda vya Massachusetts. Lowell ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya viwanda hivyo. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana kutoka mashambani, na siku yao ya kazi ilizidi saa 12. Mwaka 1834 wenye viwanda walipotaka kupunguza mshahara, wasichana hao waligoma. Mwaka 1836 waligoma tena, baada ya kupandishiwa malipo ya chumba na chakula katika nyumba za kampuni. Hatimaye, kufikia mwaka 1845, walikuwa wameunda chama chao na kuanza kudai siku ya kazi ya saa 10.

Basi tazameni mlolongo huo. Mtumwa analima pamba, msichana wa kiwandani anafuma kwa ujira mdogo, mpagazi anabeba mzigo kichwani kwa miezi mingi. Wote watatu wamepita katika kipande kimoja cha nguo, na jina la nguo halimtaji hata mmoja wao. Linaitaja nchi ya mwenye merikebu.

JINA LABAKI, MFANYAKAZI ABADILIKA

Kati ya mwaka 1861 na 1865 Wamarekani walipigana vita wenyewe kwa wenyewe. Pamba ikaadimika na merikebu zikapungua. Viwanda vya Bombay, ambavyo vilikuwa vimeanza katika miaka ya 1850, vilipata nafasi, vikafuma nguo ya aina ile ile na kuileta Afrika Mashariki. Baadaye, katika miaka ya 1930, nguo za Ujapani zikalijaza soko. Hata hivyo watu waliendelea kusema merikani. Nguo ilikuwa ya Bombay, kisha ya Ujapani, lakini jina lilibaki la Marekani.

Na huko Bombay pia wafanyakazi walikuwa na madai yao. N. M. Lokhande, aliyewaongoza, alidai kwa miaka kadhaa wapewe siku moja ya mapumziko kwa wiki. Mwaka 1890 wenye viwanda walikubali Jumapili iwe siku hiyo. Aliyevaa merikani pwani hakuzipata habari hizo, kwa sababu jina la nguo yake lilimwelekeza upande mwingine wa dunia.

KANIKI, LESO NA KANGA

Pamoja na merikani ilikuwako kaniki, nguo ya rangi ya bluu iliyokolea sana, karibu na nyeusi. Kaniki ilikuwa nguo ya kazi na nguo ya wanyonge. Huko Unguja wanawake waliokuwa watumwa walivaa merikani na kaniki. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wamepata uhuru waliacha nguo hizo wakavaa kanga zenye rangi na maua. Kwao kubadili nguo kulikuwa na maana ya kusema: sisi si watumwa tena.

Na kanga yenyewe je? Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mraba vilivyoitwa leso. Neno hilo limetoka katika Kireno, lenço, maana yake kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Leso ziliuzwa zikiwa zimeungana katika jora. Wanawake wakakata tatu kwa pamoja, na tatu nyingine, wakazishona upande kwa upande kupata nguo moja pana ya leso sita. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Hii ndiyo sababu watu wa Mombasa mpaka leo huiita leso, ingawa haishonwi tena.

Jina la kanga, kama wazee wa pwani wanavyosimulia, limetokana na ndege kanga, kwa kuwa nguo za kwanza zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya ya ndege huyo. Kanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo huzunguka pande zote; mji, ambao ndio sehemu ya kati; na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Hapo kwanza majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Zipo kanga zenye maandishi mengine madogo kwenye ukingo. Mashuhuri kuliko yote ni "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Kanga hizo zilichapwa mbali, ng'ambo ya bahari. Tunaona hapa tena kwamba nguo ina jina la mithali na jina la mwenye duka, lakini waliochapa hawamo.

Hali ilibadilika kidogo baada ya uhuru, nchi za Afrika Mashariki zilipojenga viwanda vyake. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga zake zikabeba jina la kiwanda. Mvaaji aliweza kusoma jina hilo akajua kwamba nguo yake imetoka mikononi mwa watu wa mji anaoujua.

KITENGE, BATIKI NA WAKSI

Sasa tuje kwenye nguo inayotawala masoko ya Kigali. Kiswahili husema kitenge, wingi vitenge. Kinyarwanda husema igitenge, wingi ibitenge. Neno ni moja, ila kila lugha imelivika kiambishi chake.

Asili ya michoro ya kitenge haiko Uholanzi, ingawa pembeni huandikwa hivyo. Iko katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia. Huko mafundi huchora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, kisha hukitia katika rangi. Penye nta rangi haiingii. Kazi hiyo huitwa batiki, neno la Kijava ambalo tumelichukua jinsi lilivyo. Waholanzi waliitawala Java, wakaona faida ya kuiga batiki kwa mashine. Mwaka 1846 Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kampuni yake katika mji wa Helmond, ambayo leo huitwa Vlisco. Mashine zilitumia utomvu mahali pa nta. Utomvu ulipasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba juu ya nguo. Watu wa Java hawakuipenda mishipa hiyo. Watu wa Afrika Magharibi waliipenda, na kuanzia mwisho wa karne ya 19 soko kubwa likawa huko. Ndipo likaja jina la waksi, maana yake nta.

Kiwandani mchoro huwa na namba tu. Majina hutolewa na kina mama wa sokoni. Huko Lomé, Togo, katika miaka ya 1970, wafanyabiashara wanawake waliouza waksi kwa jumla walitajirika mpaka wakaitwa Nana Benz, kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyonunua. Wao na wenzao wa Kongo waliipa michoro majina ambayo yalifanya nguo inunuliwe. Mchoro mmoja huitwa "plagi sita", kwa maana kwamba mvaaji ana uwezo wa kuwa na gari lenye injini ya silinda sita. Mwingine husema kwamba mume wangu anaweza, na mwingine humwambia mume kwamba ukitoka, nami natoka. Mwaka 1994 thamani ya faranga ya CFA ilipunguzwa kwa nusu. Waksi ya Uholanzi ikawa ghali mno, na baadaye vitambaa vya kuigiza vya bei nafuu kutoka China vikajaza pengo. Biashara ya Nana Benz ikaporomoka.

MAJINA YA NGUO ZA KAZI

Hata nguo tunazovaa kazini zina asili za mbali. Tutaje chache:

Kaki. Limetoka katika Kiajemi na Kihindi, khaki, yaani yenye rangi ya vumbi. Wanajeshi wa Uingereza nchini India walianza kuivaa katika miaka ya 1840 ili wasionekane kwa urahisi.

Jinzi. Limetokana na jina la mji wa Genoa, Italia. Kitambaa chake, denimu, kinataja mji wa Nîmes, Ufaransa.

Jezi. Ni jina la kisiwa cha Jersey, kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, kilichosifika kwa kufuma sufu.

Tetroni. Ni alama ya biashara ya kampuni mbili za Ujapani, Toray na Teijin, kwa nguo za poliesta.

Hapa pia tunakutana na miji, visiwa na makampuni, na hatumkuti mfumaji.

CAGUWA, NENO LA KISWAHILI MJINI KIGALI

Katika Kigali kuna kiwanda cha nguo cha Utexrwa, kilichoanza katika miaka ya 1980. Hata hivyo kwa muda mrefu wengi wetu tulijivika kwa nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Majirani wa Kenya na Tanzania huziita mitumba, kwa sababu hufika zikiwa zimefungwa katika mitumba, yaani mafurushi makubwa. Sisi tunasema caguwa. Neno hilo ni la Kiswahili kabisa: chagua. Muuzaji humwaga nguo chini, na mnunuzi huinama akachagua.

Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili kuvipa nguvu viwanda vya nguo vya nchini. Wauzaji wa Marekani walilalamika, na mwezi wa Julai 2018 serikali yao ikasimamisha ruhusa ya nguo za Rwanda kuingia Marekani bila ushuru. Jambo hili liliwagusa wafanyakazi kwa pande zote mbili. Aliyeshona katika kiwanda alitazamia kazi zaidi, na aliyeishi kwa kuuza caguwa alipoteza riziki yake, naye pia ana watoto wa kulisha. Tunapozungumza juu ya nguo za nchini, tusiwasahau wote wawili.

IMIGONGO JUU YA KITAMBAA

Liko jambo lingine linalotuhusu hapa nyumbani. Siku hizi twaona vitambaa vyenye michoro ya imigongo: mistari iliyovunjika, miraba na ond za rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Imigongo ni wingi wa umugongo, yaani mgongo, kwa sababu mistari ya asili huinuka kama matuta. Kazi hii ni ya Gisaka ya zamani, mashariki mwa nchi, na hasa Nyakarambi katika wilaya ya Kirehe. Wanawake huijenga kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha huipaka rangi. Simulizi za huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaangamiza watu wengi wenye ufundi huo, na wanawake waliobaki ndio walioufufua.

Leo mtambo wa nchi yoyote unaweza kuchapa mchoro wa imigongo kwa maelfu ya yadi. Je, jina la Nyakarambi litaandikwa ukingoni? Yaliyoipata batiki ya Java yanatufundisha kwamba mchoro ukishaondoka kwa fundi bila jina lake, aliyenao mashine huuza, na dunia hudhani ni wake.

JINSI YA KUKISOMA KITAMBAA

Tunawashauri wasomaji wetu mambo matatu wanaponunua kitenge Kimironko, Nyarugenge au mahali pengine:

1. Soma maandishi ya ukingoni. Maneno "Wax" au "Hollandais" peke yake si ushahidi wa mahali nguo ilikotengenezwa. Tafuta jina la kiwanda na la nchi.

2. Geuza kitambaa. Waksi halisi ina rangi sawa pande zote mbili. Kitenge kilichochapwa upande mmoja huwa na nyuma iliyofifia. Si kibaya, ila usikilipie bei ya waksi.

3. Chomoa uzi mmoja na uuchome mbali na kitambaa. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Kwa mtu anayefanya kazi juani au karibu na moto, tofauti hiyo si ndogo.

Ndugu wafanyakazi, mchuma chai anajua habari hii tangu zamani: pakiti hubeba jina la kilima na la kampuni, wala haibebi jina la mchumaji. Katika nguo ni vivyo hivyo. Wasichana wa Lowell na wafanyakazi wa Bombay hawakupata kuandikwa kwenye jora, lakini walipopata saa za kupumzika na mishahara ya haki, walipata kwa sababu walijitambulisha wenyewe kwa pamoja. Nasi tunaponunua nguo, tuulize imetengenezwa wapi na nani. Na tunapoitengeneza, tudai jina la mahali petu pa kazi liandikwe ukingoni, lisomeke.